Udongo wa Watakaokuja

Asubuhi huko Kalembe ukungu hauna haraka. Unalala bondeni, unafunika mto, unafunika njia, na vilele vya milima vinabaki juu kama visiwa. Polycarpe alipenda kuutazama. Zamani aliutazama kidogo tu, kisha akashika jembe. Lakini msimu ule aliketi juu kabisa ya shamba lake, akautazama mpaka jua likapanda.

Chini yake, ndani ya weupe ule, jembe lilisikika likipiga udongo. Alikuwa mke wake, Constance. Alikuwa analima peke yake.

"Papa Shekinah!" Constance aliita, akimtaja kwa jina la binti yao. "Mvula iko karibu. Unashuka ao hushuki?"

"Niko nakuja," Polycarpe alijibu. Lakini hakusogea.

Polycarpe hakuwa mvivu. Majirani wote walijua hilo. Yeye na Constance walikuwa wamekimbia vita, wakaishi kambini Kashuga, kisha wakarudi. Walikuta nyumba haina paa na shamba limekuwa pori. Polycarpe alifyeka, akajenga, akapanda mihogo na maharagi. Hakulalamika. Lakini ndani yake kulikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Kisha siku moja, sokoni, aliona video katika simu ya mtu. Mwanamume mmoja kwenye video alisema kwamba jiwe kubwa linatoka angani. Alisema litaigonga dunia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa, na kila kitu kitaisha. Watu waliosimama pale walipiga kelele. Wengine walicheka. Polycarpe hakupiga kelele wala hakucheka. Alirudi nyumbani polepole, na njiani alihisi jambo la ajabu. Mabega yake yalikuwa mepesi.

Hakuna kukimbia tena, aliwaza. Hakuna kujenga tena. Mwisho utakuwa mmoja kwa watu wote, na baada yake ni kimya.

Tangu siku ile akawa mtu wa kutazama anga. Mawingu yalipita, akayafuata kwa macho. Ndege walipita, akawafuata pia. Binti yake, Shekinah, alipomletea chakula, alikula bila kujua anakula nini.

Mchana mmoja aliingia jikoni, akauona mfuko wa mbegu.

"Pika hii maharagi," alimwambia Constance.

"Hiyo ni mbegu."

"Njo maana nasema, pika. Mutoto akule ashibe. Tunachunga mbegu ya nini? Dunia iko inaisha."

Constance aliweka mwiko chini. Hakupandisha sauti.

"Papa Shekinah, mimi nilishaona dunia ikiisha. Iliisha siku tulikimbia hapa. Ikaisha tena kule Kashuga, siku tulizika mutoto wetu mudogo. Na asubuhi yake Shekinah aliniuliza: mama, tutakula nini? Mimi sijui dunia itaisha wakati gani. Lakini ile swali ya asubuhi, naijua."

Constance aliufunga mfuko wa mbegu, akaubeba kichwani, akaenda shambani kupanda.

Mvua ilinyesha siku chache baadaye. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilianguka kwa nguvu, kana kwamba mtu amemwaga beseni zima kwa mara moja. Maji yaliteremka kilimani yakichimba vijia. Ilipokwisha, Polycarpe alitoka nje. Alimwona Constance amepiga magoti shambani, chini kabisa. Alikuwa anapapasa ndani ya tope, anaokota mbegu moja moja, anazipangusa kwa kanga yake.

Polycarpe alishuka, akamsaidia. Tope lilikuwa baridi. Mbegu nyingi hazikupatikana.

Wakiwa bado pale, Mama Consolée alifika na buti zake. Alizaliwa kilima cha jirani, akasoma kilimo Goma, na sasa alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo, wa chama cha walimaji. Siku nyingine alifundisha watu wazima kusoma, kanisani. Constance alikuwa mwanafunzi wake.

"Poleni," Mama Consolée alisema. "Imechukua mingi?"

"Ichukue yote," Polycarpe alijibu. "Ni ya nini? Tunangoja ile jiwe."

Mama Consolée alikuwa amesikia habari za video ile kila alikopita.

"Papa Polycarpe, kuja nikuonyeshe kitu."

Waliteremka wote watatu mpaka mtoni. Mto ulikuwa umejaa, unanguruma, na maji yake yalikuwa mekundu. Mama Consolée aliinama, akachota maji kwa viganja viwili, akangoja. Maji yalivuja polepole katikati ya vidole vyake. Kiganjani palibaki udongo laini.

"Unaijua hii?"

Polycarpe aliugusa. Aliujua. Ulikuwa udongo wa juu wa shamba lake, ule mwekundu uliokoza, ule unaozaa.

"Hii njo shamba yako," Mama Consolée alisema. "Iko inaenda chini na mto, mpaka pori ya Walikale, na haitarudi. Unatazama juu, unangoja dunia iishe. Dunia yako iko inaisha hapa, kidogo kidogo, kila mvula."

Polycarpe aliketi juu ya mwamba. Alitazama maji yakipita, mekundu, bila kukoma.

"Na jiwe?" aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Ile video ni bongo, uongo mutupu. Kuna batu, kazi yao ni kuchunguza anga na darubini kubwa. Mawe makubwa ya kule juu, wanafuata njia yao. Hakuna hata moja kubwa yenye wanaona inakuja kutupiga."

"Na jua? Siku moja haitazima?"

"Itazima. Lakini wenye wanasoma nyota wanasema jua iko ingali na miaka miliari mingi mbele. Miliari moja ni milioni mara elfu."

Polycarpe alijaribu kuiwaza miaka hiyo. Alianza na baba yake, aliyefyeka kilima hiki. Akarudi nyuma kwa babu yake, na hapo majina yakamwishia. Basi akageuka upande wa mbele. Akamwona Shekinah akiwa mama. Akawaona watoto wa Shekinah, na watoto wao, na wengine nyuma yao, wengi, wakijaa bonde zima. Walibeba vyombo ambavyo hajawahi kuviona. Waliimba nyimbo asizozijua. Lakini walikanyaga kilima hikihiki. Wengine walikanyaga majani mabichi hadi magotini. Wengine walikanyaga mwamba mtupu, wakainama, wakatafuta mahali pa kuchimba, wasipate.

Alishtuka kama mtu aliyeamshwa.

"Watakuta nini hapa?" aliuliza.

"Wanani?" Constance aliuliza.

"Wenye watakuja."

Mama Consolée alifuta mikono yake. "Sitakudanganya. Kuna mambo ya kuogopesha. Hewa ya dunia iko inazidi kuwa moto, sababu ya moshi ya viwanda na magari, na sababu ya pori yenye batu wanakata. Hewa ya moto inabeba mayi mingi. Njo maana mvula zinaanguka na nguvu sawa hii. Itakuwa vile miaka mingi. Na vita, sijui itaisha siku gani. Hakuna muntu anajua mambo yote ya mbele. Lakini udongo tunaweza kushika. Hiyo iko mu mikono yetu."

"Tunashika namna gani?" Constance aliuliza.

"Kesho nitawaonyesha."

Kesho yake Mama Consolée alikuja na miti miwili mirefu iliyo sawa. Aliifunga pamoja juu, akaitanua miguu, akafunga ufito katikati. Ikawa kama herufi A, ile ambayo Constance aliisoma kwanza darasani. Kutoka juu aliteremsha kamba yenye jiwe dogo. Kisha akatia alama katikati ya ufito.

"Tazameni. Tunasimamisha hii mu shamba. Kama kamba inapita juu ya alama, miguu yote mbili iko sawasawa, hakuna mwenye kuwa juu, hakuna mwenye kuwa chini. Pale tunachomeka kijiti. Tunazungusha muguu moja, tunaendelea. Vijiti vitatuonyesha mustari yenye haishuki."

"Na kisha?"

"Tunachimba mufereji kwa ile mustari. Udongo tunatupa upande wa juu, ifanye ukuta. Juu ya ukuta tunapanda majani ya mbuzi, mizizi ishike. Ndani ya mufereji tunaacha vizuizi kidogo, mayi isikimbie. Mayi itaketi, itaingia mu udongo. Na musilime tena kutoka juu kushuka chini. Mulime kwa kufuata mufereji."

Polycarpe aliishika miti ile. Shekinah alichomeka vijiti. Mstari ulizunguka kilima taratibu, ukapinda pale kilima kilipopinda. Polycarpe alishangaa. Alikuwa amekulia pale, lakini hakuwahi kuliona umbo la kilima chake.

Wakachimba. Ilikuwa kazi ngumu. Majirani wawili walipita, mmoja akauliza kwa nini wanachimba kaburi refu hivyo. Polycarpe alicheka. Constance aliinua kichwa, kwa maana hakuwa amesikia kicheko kile kwa muda mrefu.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa ilifika. Walienda misa, wakarudi, wakala bugali na sombe ya majani ya mihogo. Mchana Polycarpe alitembea kando ya mfereji akipanda majani, kwa kuwa udongo ulikuwa umelowa vizuri na hakutaka kuchelewa. Jumatatu ndipo Shekinah alipokumbuka.

"Papa, ilikuwa jana!"

"Nini?"

"Ile jiwe."

Polycarpe alitafakari. "Kumbe," alisema. Akaendelea kunoa jembe.

Mama Kavuo, mwenye duka la njia panda, aliwakopesha mbegu za kupanda tena. Mvua kubwa ilirudi. Safari hii Polycarpe na Constance walisimama mlangoni wakatazama. Maji yaliteremka, yakafika mferejini, yakatulia. Yalikaa pale, yakimeta, kama utepe mrefu uliofungwa kiunoni mwa kilima. Kufikia kesho yake yalikuwa yamezama ardhini. Tope lililobaki ndani Polycarpe alilichota kwa koleo, akalirudisha shambani.

Maharagi yaliota. Yaliota hata pale juu, ambapo siku zote yalikuwa ya manjano. Wakati wa kuvuna, Constance alijaza mifuko, akarudisha deni la mbegu, akaweka mbegu nyingine. Mbuzi wao mmoja alikula majani ya ukutani, akazaa.

Halafu Damien, ambaye shamba lake liko chini ya lao, akapanda kuja kuwaona.

"Musimu hii tope yenu haikunifunika," alisema. "Nimekuja kushukuru. Na kuomba ile miti yenu ya kupima."

"Nitakuja nayo mimi mwenyewe," Polycarpe alisema.

Walishuka pamoja, jua likiwa kali na kilima chote kikionekana mpaka ng'ambo. Damien alilitazama shamba lake kubwa, akapumua kwa nguvu.

"Kaka, hii kazi ni mingi. Hii mifereji itadumu miaka ngapi?"

"Tukisafisha kila mwaka, itadumu."

"Mpaka wakati gani?"

Polycarpe alisimamisha miti, akangoja kamba itulie. Alidhani amesikia watu wengi, kama wale aliowawaza mtoni, wakiongea taratibu, mbali, upande wa mteremko ambao haukuwa na mtu.

"Wenye watakujibu vizuri hawajazaliwa," alisema. "Nipatie kijiti."

Damien akampa. Polycarpe akainama, akakichomeka ardhini.