Matundu Mawili Shingoni mwa Silas

Maiti ya Silas Pickering ilikutwa asubuhi kwenye makaburi ya kanisa, juu ya jabali la bahari, imelowa chapachapa. Shingoni ilikuwa na matundu mawili. Kufikia saa ya chai kijiji kilishatoa hukumu: mnyonya damu ni Harriet Garbutt, mchumba wake, binti anayetembea usingizini.

Inspekta Redfearn aligeuza kichwa cha marehemu. Kisogo kilikuwa kimepasuka.

"Alipigwa na kitu kizito," alimwambia sajenti wake. "Matundu haya hayakutoa damu. Yalitobolewa ameshakufa."

"Watu wameshika mashoka, afande. Wanamtaka yule binti."

"Basi tuwawahi."

Harriet alikuwa jikoni kwao.

"Ni mimi, bwana Inspekta. Nikilala sijijui."

"Ulilala na nguo gani?"

"Hii hii."

Mvua ilinyesha usiku kucha, na njia ya makaburini ilikuwa tope tupu. Pindo la gauni lilikuwa kavu, jeupe. Nyayo zake safi.

"Hukutoka humu ndani, binti."

Mama yake, Dorcas, alisimama kando ya jiko. Ukutani ulining'inia uma mkubwa wa kushikia nyama, wenye meno mawili. Redfearn aliutungua, akaulinganisha na karatasi aliyochorea matundu.

"Uma wa nani huu, mama?"

"Kila nyumba ina uma."

"Huu jino moja limepinda. Na tundu moja limekwenda upande vilevile."

Nje makelele yalikaribia. Mtu akaugonga mlango kwa mpini wa shoka.

"Ukinyamaza, watamchukua yeye," alisema Redfearn.

Dorcas akamgeukia binti yake. "Nilidhani wakiona matundu watasaka zimwi. Sikujua watasema ni wewe."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Nilimpiga kwa jiwe. Alisema akishakuoa atakufunga mnyororo kitandani kila usiku, usimwaibishe. Akacheka."

"Ungekataa posa," alisema Redfearn.

"Nilikataa. Ndipo akacheka." Dorcas alipandisha mikono ya gauni lake. Vifundo vya mikono yake yote miwili vilizungukwa na makovu ya zamani, magumu. "Mimi pia hutembea usingizini, Inspekta. Marehemu mume wangu naye hakupenda aibu."

Redfearn alikuwa ameshatoa pingu. Akazirudisha mfukoni.

"Nishike mkono, mama."

Akafungua mlango, akawakabili wenye mashoka.

"Pisheni."