Mwanamke wa Gazetini

Kache alijuana na Akil siku jogoo wake alipomponyoka sokoni, karibu na Ngome, akaingia duka la leso na kurukia majora. Akil, mwenye duka, alimrudisha jogoo pamoja na maneno matamu, na tangu hapo Kache hakuuza kuku bila kupitia pale, hando, sketi yake ya marinda, limekaa vizuri kiunoni, shanga mpya shingoni.

Sasa palikuwa na mwanamke mwingine, tena Mzungu. Akil alikata picha yake gazetini akaibandika ukutani mwa duka: Mbelgiji, Wajerumani wamemchomea nyumba vitani huko Ulaya, amekumbatia godoro. Kila alasiri Akil aliwasomea majirani gazeti barazani, akiligeuza Kiswahili, na akifika kwa huyo bibi sauti humkatika. Kache alimwona kwa macho yake akifuta machozi. Nani asingeona wivu?

Maana juzijuzi tu askari wa serikali walichoma mji wa mamake, nyumba zote, kule Giriama, wakaswaga na mbuzi. Gazeti lilelile likasema waasi wametiwa adabu, amani imerejea. Akil alilisoma hivyohivyo, kwa sauti kavu, kisha akaagiza kahawa.

"Unampendea nini?" Kache alimuuliza.

Akil akacheka, akasema hata jina lake halijui.

"La mama yangu unalijua, na hukumlilia. Au moto wake ulikuwa wa baridi?"

Akil akajitetea kwamba gazeti halikuandika.

"Basi lioe hilo gazeti," Kache akasema, akajitwika tenga lake akaenda zake.

Kesho yake alipita njia ileile, akijiapiza hamtazami mtu. Miguu ikamsaliti, ikasimama mbele ya baraza. Akil alikuwa amefungua gazeti mapajani.

"Huko Giriama," alisema, "mama mmoja, Dzoro, amechomewa nyumba na askari wa serikali. Analala kichakani, na hana kosa."

Yeslam, muuza kahawa, akauliza kwa hofu kama kweli gazeti limeandika hayo, maana maneno kama hayo humfungisha mtu.

"Halikuandika. Nasema mimi. Huyo ni mama mkwe wangu, bintiye akinikubali." Sauti ikamkatika.

Kache aliingia dukani, akaibandua picha. Akil alidhani ataichana. Kache akaitazama kwa mara ya kwanza bila hasira, akaona godoro limeungua upande mmoja. Akatoka, akaiweka picha mapajani mwa Akil mbele ya wanaume wote.

"Nimekubali," alisema. "Sasa nisomee na habari za huyu mwenzangu."