Mswaki wa Ukutani

Nyumbani kwa mzee Maige, kule Nkoma, asubuhi ilikuwa pilikapilika tupu. Kwandu aliteka maji, akaosha vyombo, akamwamsha mdogo wake Zengo, kisha akapiga mswaki harakaharaka kando ya stoo ya pamba. Mama alikuwa ameweka kikombe cha miswaki ndani, juu ya kabati, na alishasema mpaka koo likamkauka: suuza, kung'uta, simamisha. Lakini Kwandu alikuwa bingwa wa njia za mkato. Akimaliza tu, aliuchomeka wake kwenye ufa wa ukuta wa stoo, povu na yote, vumbi na nzi wajifanyie watakavyo.

Wiki hiyo mama alikwenda msibani Migato. Alipoondoka alimwambia Kwandu, "Mdogo wako nakuachia wewe."

Asubuhi moja Kwandu alikuwa na zamu ya kufagia darasa, na jua lilikuwa limeshachomoza, hata mswaki hakuwa amepiga.

"Dada, mswaki wangu siuoni," Zengo alisema.

"Umeutupa wapi tena wewe? Chukua wangu, pale ukutani. Fanya haraka!"

Zengo akauchukua, akaanza kusugua. Mara akatema na kukunja uso. "Dada, mchungu. Unawasha."

"Acha kudeka, bwana! Sugua, twende."

Mtoto akasugua. Alikuwa darasa la kwanza, na alimwamini dada yake kuliko mtu yeyote.

Hawakufika mbali. Katikati ya mashamba ya pamba Zengo alianza kutapika. Udenda ulimtiririka mpaka kwenye shati la shule, jasho likamtoka, miguu ikalegea. Kwandu alimbeba mgongoni akarudi mbio, akilia na kumwita kwa jina. Zengo hakuitika.

Bibi yao, aliyekuwa nyumbani na baba, alipomwona alishika kichwa. "Huyu katupiwa kitu! Maige, mpeleke kwa mganga wa kienyeji, zahanati hawayajui haya!"

Baba alikuwa ameshawasha pikipiki. Alimpakia Zengo, Kwandu akakaa nyuma kumshikilia, wakaondoka kwenda zahanati. Njia nzima Kwandu aliegemeza sikio mgongoni mwa mdogo wake, akisikiliza kama bado anapumua.

Nesi Evalina alimfunua Zengo macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa kabisa.

"Amekula nini?"

"Hajala kitu, nesi," baba alisema.

"Amegusa dawa ya kuulia wadudu?"

"Hapana! Dawa naifungia mwenyewe stoo, na ufunguo ninao mimi."

"Baba, mtoto anatuponyoka huyu. Kumbukeni vizuri!"

Kwandu alimtazama mdogo wake. Maneno ya Zengo yalimrudia: mchungu, unawasha. Akisema, itajulikana ni yeye. Asiposema, Zengo atakufa.

"Nilimpa mswaki wangu," alisema kwa sauti ya kukatika. "Akasema unawasha. Mimi nikamwambia asugue."

"Mswaki upi?" baba aliuliza.

"Ule wa kwenye ufa wa stoo."

Baba alikaa sakafuni. "Mungu wangu! Jana bomba la kupulizia dawa ya pamba liliziba. Nilikuta mswaki pale ukutani, nikausugulia mdomo wa bomba, nikauchomeka palepale." Akamtazama binti yake. "Ulikuwa mchafu mno, mwanangu. Nilidhani umetupwa."

Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma Kwandu kuliko fimbo.

Nesi alikuwa ameshaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Kwandu alitolewa nje. Alikaa kwenye ngazi, machozi yakimtoka bila sauti. Alimfikiria mama, anayerudi kutoka msibani aje akute msiba nyumbani kwake. Akaomba. Akamwambia Mungu achukue meno yake yote, mpaka la mwisho, ila amwachie Zengo.

Jua lilikuwa utosini mlango ulipofunguliwa. "Ingia," nesi alisema. "Anakuita."

Zengo alikuwa amelala, midomo imekauka. "Dada," alinong'ona, "tumechelewa shule."

Kwandu alipiga magoti kando ya kitanda akalia kwa sauti.

"Sikilizeni wote wawili," nesi Evalina alisema. "Baba, chombo cha dawa ya pamba hakisafishwi kwa kitu cha nyumbani. Chochote kilichogusa sumu hakirudi tena watoto wanapofikia. Na wewe, Kwandu, umesema kweli ukiwa na hofu, na ukweli huo umenisaidia kumwokoa. Lakini hata bila sumu, mswaki unaokaa na nzi ukutani huleta magonjwa. Mswaki ni wa mtu mmoja. Usuuze, ukung'ute maji, uusimamishe mahali safi penye hewa. Kinachoingia mdomoni kitunze kama sahani ya chakula."

Mama aliporudi, alileta miswaki mipya. Kwandu alimpa Zengo mmoja. Mtoto aliupokea, akaunusa, akaushika tu.

"Dada, huu ni wa nani?"

"Wako. Wako peke yako."

"Anza wewe."

Kwandu alichukua wake akapiga mswaki mbele yake taratibu, meno ya juu na ya chini. Akausuuza, akaukung'uta, akausimamisha kwenye kikombe. Zengo alimtazama mpaka mwisho. Ndipo akafungua mdomo.