Mende Aliyeanguka Kifudifudi

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, klabu ya sayansi ilikutana katika chumba cha kompyuta. Kompyuta zilikuwa sita, na ile ya dirishani ilikuwa imepoteza kitufe cha herufi M. Ndiyo maana kazi ya Chiriku na Fundi ilihifadhiwa humo kwa jina la "ende".

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Fundi alikuwa msichana mkimya, aliyewahi kufufua redio ya jirani kwa kisu cha mezani. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewapa kazi ngumu: watengeneze mende wa kwenye kompyuta, mwenye viungo vyote, atembee kama mende wa kweli. Ijumaa wazazi wangekuja kumwona.

Chiriku alipewa mende hai ndani ya chupa pana ya kioo. Alitakiwa kumtazama akitembea na kujaza jedwali: katika kila hatua, ni miguu ipi imeinuka na ipi iko chini, upande wa kushoto na wa kulia. Fundi aliyaingiza majibu hayo kwenye programu iliyompa mende wao uzito, kama mende wa kweli.

Jumatano, Fundi alibonyeza kitufe. Mende akainua miguu ya mbele na ya nyuma, akayumba, akaanguka kifudifudi.

"Mende wenu amelewa!" mtu akapiga kelele nyuma. Chumba kizima kikacheka.

Fundi alijaribu tena. Mende akaanguka tena.

Mwalimu hakucheka. Mwezi uliopita alikuwa amemkuta Fundi amefungua kompyuta bila ruhusa. "Umechezea nini humu?"

"Sijagusa kitu, mwalimu. Nimeingiza ya kwenye jedwali tu."

"Jedwali nimeliona. Limejaa, safi, halijafutwa hata mahali pamoja. Kesho asubuhi mende akiwa bado anaanguka, nirudishie ufunguo wa chumba hiki niliokupa. Klabu itakuwa basi kwako."

Nyumbani kwao Fundi hakukuwa na kompyuta. Chumba hiki ndicho pekee alichokuwa nacho. Alimgeukia Chiriku, akasubiri. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, alifunga kamba ya kiatu ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Alikuwa ametazama miguu ya kushoto tu. Kisha wenzake wakamwita kuruka kamba, naye akajiambia, "Kulia si ni vilevile?" Akanakili safu ya kushoto kwenye safu ya kulia, akakimbia nje.

Alipofika nyumbani, mama yake mshonaji alikuwa anampima mteja, mchukuzi wa mizigo. Mama alipima mkono wa kushoto, akaandika. Akaanza kupima wa kulia.

"Mama, si umeshapima mmoja?"

"Hebu mtazame vizuri."

Bega moja la mchukuzi lilikuwa limeshuka. Mwenyewe akacheka. "Miaka kumi na miwili ya magunia, binti yangu. Hili bega limeshajiendea zake."

"Nikikisia," mama akasema huku ameshika utepe, "shati litambana yeye. Mimi halitanibana popote."

Chiriku akaikumbuka safu yake ya kulia. Jioni hiyo waliketi kula. Alisukuma sahani, machozi yakamtoka. "Mama, kuna mtu anaonewa kwa sababu yangu." Akamwaga yote.

Mama hakumfokea. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kesho wahi shule. Usimwache mwenzako arudishe ule ufunguo."

Asubuhi Chiriku alikimbia njia nzima. Alimkuta Fundi mlangoni kwa mwalimu, ufunguo mkononi, macho mekundu.

"Mwalimu, asikupe!" alisema akihema. "Mimi ndiye mwongo. Miguu ya kulia sikuitazama kabisa. Nilinakili."

Fundi alimgeukia. "Na jana ulinyamaza," alisema. "Wewe, Chiriku, ulinyamaza!"

"Nisamehe."

Fundi akamgeuzia mgongo. Mwalimu alivua miwani yake. "Hata mimi nimekosa, Fundi. Niliamini jedwali kwa sababu lilikuwa safi, nikakushuku wewe kwa kosa la zamani. Nisamehe, mwanangu. Ufunguo ubaki kwako."

Walimrekodi mende kwa simu ya mwalimu, kisha wakaicheza video polepole. Chiriku alisoma, Fundi akaandika. Mguu wa mbele na wa nyuma wa kushoto uliinuka pamoja na wa kati wa kulia. Mitatu mingine ikabaki chini, imembeba. Kisha zamu ikabadilika.

"Anasimama kama kigoda cha miguu mitatu," Fundi alinong'ona. "Wetu alibaki na miwili ya katikati tu. Angeachaje kuanguka?"

Ijumaa, mbele ya wazazi, mende alivuka skrini kutoka upande hadi upande bila kuyumba. Watu wakapiga makofi. Mzazi mmoja akauliza, "Na vile vipapasio vya kichwani, mbona havichezi?"

Zamani Chiriku angebuni jibu papo hapo. Sasa alionyesha jedwali lao jipya lililobandikwa ukutani, lenye safu moja tupu. "Vipapasio hatujaviona vizuri. Tumeacha wazi mpaka tuvione."

Mwalimu alisogea mbele. "Wanangu, safu hiyo tupu inanifurahisha kuliko yote. Mlichokiona, andikeni. Msichokiona, semeni hamjakiona. Pengo mnaweza kulijaza kesho. Uongo uliojazwa vizuri humwangukia mwenzako asiye na kosa."

Tangu jana Fundi alikuwa hajasema na Chiriku ila mambo ya kazi. Sasa alijisogeza pembeni, akaachia nusu ya kiti chake.

"Kaa," alisema. "Jumatatu tuanze vipapasio. Lakini chupa ya mende utaishika wewe."