Kadi ya Stanslaus

Shemeji yangu Anselmo ni mtu wa miaka thelathini na tisa, karani wa ghala la mahindi, baba wa watoto wawili, na kitu kilichomteka akili hapa duniani ni gemu la mpira kwenye kompyuta. Naanza hivyo ili ujue nazungumzia mtu wa aina gani. Sijawahi kumpenda. Siku dada yangu Mariana alipomleta nyumbani kumtambulisha, alikalia kiti cha baba bila kukaribishwa, akaanza kutufundisha namna ya kufuga ng'ombe. Sisi, Wasukuma tulioingia Katavi tukiwaswaga kwa miguu kutoka Shinyanga.

Mimi ni fundi kompyuta. Kibanda changu kipo Shanwe, hapa Mpanda mjini. Jumanne moja ya mwezi wa sita, kwenye saa nne asubuhi, nilikuwa nakunywa chai yangu kwa chapati, Anselmo akaja na bodaboda. Nyuma ameifunga kompyuta yake kwa mpira kama kuku anayepelekwa mnadani.

Kompyuta yenyewe nilikuwa naijua. Ni ya mezani, ina miaka kumi na mitatu, aliiokota ofisi fulani ilipokuwa inatupa vitu vyake chakavu. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga.

"Malale, nataka icheze gemu jipya la mpira," akasema. "Lile la mwaka huu."

"Hii haiwezi, shemeji."

"Wewe ndiyo huwezi."

Nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Iongezwe RAM, kibadilishwe kile chombo cha umeme cha ndani, na zaidi ya yote iwekwe kadi ya picha, kipande chenye feni kinachochora picha za gemu. Bila kadi, wachezaji wataganda uwanjani kama nguzo. RAM na chombo cha umeme alikuja navyo mfukoni, kavinunua kabla ya sare za shule za wanawe. Kadi hakuwa nayo. Nikamfungia alivyoleta, akaondoka akinung'unika kwamba mafundi wa Mpanda wote wababaishaji. Hata asante hakusema.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo Stanslaus akafa.

Stanslaus alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Anselmo, kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, akiishi na mama yake Kasekese. Alikuwa anawaingizia watu nyimbo kwenye simu kwa kompyuta yake, nayo kuukuu vilevile, na kwa mwaka mzima alikuwa anaiboresha kidogokidogo, leo hiki, mwezi ujao kile, ili siku moja acheze hilohilo gemu jipya. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mama yake, Bi Agatha, alimchapa sana utotoni ili abadilike, mwisho akachoka yeye. Ijumaa ile alikuwa anarudi kutoka mjini na pikipiki, akateleza kwenye mchanga, akagonga mti. Begi lake lilikutwa pembeni ya barabara, zipu imefungwa, limekaa wima kama limewekwa na mtu.

Nilikwenda kumzika. Kwenye kumvalisha, tai hakuna aliyejua kuifunga, nikaifunga mimi. Tai ya bluu, shati jeupe. Puani walimwekea pamba.

Sasa sikiliza alichofanya shemeji yangu. Pale kaburini, tulipopanga foleni kutupia udongo, Anselmo aliinama kuchota, na kutoka mfuko wa suruali yake ikadondoka bisibisi. Watu wazima tuliiona. Aliiokota haraka, akaifuta na leso, akasema ni ya ghalani. Mtu anakuja kumzika ndugu yake na bisibisi mfukoni. Mimi nimeishi na wezi wa ng'ombe, wana heshima kuliko hapo.

Kwenye ukoo wao kuna jambo moja, Mariana alinieleza zamani. Vitu vya marehemu havitoki ndani mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo vinatandazwa kwenye mkeka, mkubwa wa ukoo anainua kimoja kimoja na kuita jina la marehemu, na anayekabidhiwa anaitika, "Nipo." Anakuwa amechukua kitu na jina kwa pamoja, mbele ya watu, na watu wanaligawana jina hilo lisimwelemee mmoja. Ukichukua kabla ya kuitwa, wanasema umeshaitika ukiwa peke yako. Anselmo alikuwa anazicheka hizo habari. Mambo ya kishamba, alisema, yeye aliyefika Mpanda mjini ana miaka ishirini na miwili akaogopa ngazi za ghorofa.

Bisibisi ya kufungulia kompyuta ya marehemu hata hakuihitaji. Jumatatu alikuja kibandani na kadi ya picha ndani ya boksi lake. Boksi lilikuwa limebonyea kona moja, na vumbi jekundu lilikuwa limepenya hadi kwenye feni. Nikalisugua kwa mswaki wangu wa kazi. Sikumuuliza ameipata wapi. Nikaichomeka, nikakaza skrubu, nikawasha. Gemu jipya likacheza, majani ya uwanja kijani kibichi, mashabiki jukwaani kila mmoja na uso wake.

"Umeona?" Anselmo akasema, kana kwamba ameifunga yeye.

Wiki mbili zikapita. Siku moja mchana simu ikaita. Alikuwa Mariana, na alikuwa ananong'ona.

"Malale, njoo nyumbani. Anacheza."

"Si kila siku anacheza?"

Nikasikia akifunga mlango.

"Anacheza vizuri."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Anselmo kwa miaka yote hiyo hajawahi kucheza vizuri. Kompyuta yenyewe ilikuwa inamfunga tano bila, naye anailaumu kompyuta. Lakini Mariana hakucheka, kwa hiyo nikafunga kibanda.

Nilifika saa nane kasoro. Jua lilikuwa kali, pazia liko wazi, watoto wapo shule. Kwenye meza sahani ya ugali na migebuka imepoa haijaguswa. Ghalani, Mariana akaniambia, hajaenda siku ya nne. Anselmo ameketi mbele ya kioo, hakugeuka, hakuitikia salamu. Na hilo lilinishtua, maana Anselmo hana adabu lakini ana mdomo.

Nikatazama mchezo. Alikuwa anaongoza sita bila.

Kisha nikatazama mikono. Padi ya kuchezea ilikuwa kwenye mkono wa kushoto peke yake. Vidole vya mkono huo vilikuwa vinatembea vitano vyote, vyepesi, havikosei. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, kiganja juu.

"Tangu lini?" nikanong'ona.

"Alhamisi. Lakini siyo hilo nililokuitia." Mariana alinishika bega. "Mwangalie yule wa jukwaani."

"Yupi?"

"Asiyesimama."

Likafungwa goli la saba. Jukwaa zima likanyanyuka, mikono juu. Mmoja hakunyanyuka. Alikuwa safu ya kwanza kabisa, karibu na uwanja. Shati jeupe. Tai ya bluu.

"Wiki iliyopita alikuwa juu kabisa," Mariana akasema. "Kila siku anashuka ngazi moja."

Nikasogea. Mimi ni fundi. Nimefungua kompyuta mia na zaidi, najua kadi ya picha haihifadhi kitu. Haina kumbukumbu ya mtu. Inachora inachoambiwa kuchora, basi. Nilijiambia hivyo huku nikisogea mpaka pua yangu ikakaribia kioo.

Fundo la tai lilikuwa langu. Mimi nalifunga likiegemea kulia, tangu shule. Lilikuwa limeegemea kulia.

Puani alikuwa na pamba.

Gemu likaendelea. Mpira ukatoka nje. Kamera ikahama kidogo, ikarudi. Kiti cha safu ya kwanza kilikuwa kitupu.

Nikachomoa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Kelele za uwanja zikakatika. Chumba kikawa kimya, na katika ukimya huo nikasikia tik, tik, tik. Dole gumba la kushoto la Anselmo lilikuwa bado linabonyeza.

Akageuka taratibu. Akanitazama kwa upole. Anselmo hajawahi kunitazama kwa upole.

"Mama kapika nini leo?" akauliza.

Mama yake Anselmo alikufa miaka sita iliyopita.

Nilifungua kava palepale, nikaing'oa ile kadi. Ilikuwa ya baridi, kitu kilichokuwa kinafanya kazi dakika moja iliyopita. Feni yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi, ndani ya chumba chenye sakafu ya vigae anachofuta Mariana kila asubuhi.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, tuliondoka watatu kwenda Kasekese kumrudishia Bi Agatha mali ya mwanawe. Njia nzima Anselmo alitazama dirishani. Tulipopita penye ule mti aliinua mkono wa kushoto akashika paji la uso, kama mtu anayekumbuka kichwa kilimuuma hapo.

Tulimkuta Bi Agatha uani anachambua maharage kwenye ungo. Tanga lilikuwa lianuliwe Jumamosi. Mariana alipiga magoti, akaweka boksi mbele yake, akaeleza yote huku analia. Bi Agatha hakuligusa boksi. Alikuwa anamtazama Anselmo aliyesimama pale mlangoni.

Akaita kwa sauti ya chini, kama anayemwita mtu wa chumba cha pili.

"Stanslaus."

"Nipo, mama."

Ungo ukamponyoka mama wa watu. Maharage yalitawanyika uani, na hakuna aliyeyaokota.

"Mama, huyu ni mume wangu," Mariana akasema.

"Najua, mwanangu," Bi Agatha akasema. "Mimi sikumwita. Nilizaa mmoja, nikamzika. Huyu aliitika mwenyewe, peke yake, nyie wote mkiwa kwenye kilio. Sasa nifanyeje? Nimfukuze?"

"Mwite arudi. Mwite Anselmo."

Bi Agatha akamwita Anselmo. Akamwita mara tatu. Mwenyewe alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesikia anaitwa mwingine. Kisha alivuta kigoda kwa mkono wa kushoto, akakifuta, akamsogezea dada yangu.

"Karibu ukae, shemeji," alimwambia. "Mmetoka mbali."

Mariana alikaa.

Tanga likaanuliwa Jumamosi. Kila kitu cha Stanslaus kikaitwa jina na kupata mwenyewe, hata lile begi. Kadi iliinuliwa, jina likaitwa, na kabla mzee hajamaliza kutamka, sauti ikaitika kutoka ndani ya chumba cha marehemu. Wazee wakaiweka chini. Walisema hakuna la kugawa, limekwisha chukuliwa lote.

Mpaka leo yuko Kasekese. Anawaingizia watu nyimbo kwenye simu, anamchotea Bi Agatha maji. Mariana huenda kila Jumapili na watoto, na yeye huwapokea vizuri, huwapa miwa, huwauliza baba yao hajambo. Watu wanamwambia dada yangu afadhali, mbona amekuwa mtu mwema. Yeye hataki mtu mwema. Analililia lile jitu lisilo na shukrani lililokuwa likikoroma kama kompyuta yake, na nyumba yao nzima hapa Shanwe sasa iko kimya. Nilidhani namjua dada yangu. Sikujua kuwa alimpenda.

Nami sijasema yote.

Nilisema sikumuuliza Anselmo kadi ameipata wapi. Sikumuuliza kwa sababu nilijua. Kadi ile niliiagiza mimi, na Ijumaa ile Stanslaus aliichukua kibandani kwangu, akiishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kibandiko changu cha njano kilikuwa bado juu yake Jumatatu Anselmo alipoileta. Nilikiona. Nikajua imetoka kwenye begi la marehemu, nikakumbuka habari ya kuitika, nikakibandua kibandiko kwa ukucha, nikakitia mfukoni. Sikuwa naamini sana. Ila kama ni kweli, nilitaka kuona itamfanya nini. Nilimdharau kiasi hicho. Nikakaza skrubu huku natabasamu, na mwenye kulipa akawa dada yangu.

Hajui. Kila Jumapili jioni ananipitia kibandani, ananishukuru kwa kumsaidia.

Jana mwalimu mmoja wa jirani aliniletea kompyuta yake, inapata moto. Kazi ndogo. Nikafungua kava, skrubu sita, nikapuliza vumbi, nikarudisha skrubu zote sita moja moja, haraka na bila kuangusha hata moja. Mwalimu akanisifu.

"Sikujua wewe ni mashoto, fundi," akasema.

Nikatazama chini. Bisibisi ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, kiganja juu, na kwenye mistari yake kulikuwa na vumbi jekundu.