Mpaka Apinde Kona

"Atashuka naye," Kuramochi alisema. "Mteja akiondoka, yule mwanamke humsindikiza mpaka barabarani. Anainama mlangoni na hapandi tena mpaka mteja apinde kona. Mvua inyeshe, theluji ianguke, yupo pale pale. Hapo ndipo tutakapopita."

Saa kumi jioni. Chumba cha nyuma cha mgahawa uliokufa, Minami, Osaka. Jiko la chuma lilikuwa limepoa siku nyingi lakini kuta bado zilinuka mafuta. Nje, watalii walipiga kelele juu ya maboti ya mferejini.

Walikuwa watatu. Kuramochi, bosi, alikuwa akichokonoa meno. Seno alikuwa na miaka thelathini, mkono mwepesi, akili fupi. Wa tatu ni Nagumo, mtu wa miaka hamsini na sita mwenye goti bovu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mitaa hii akipiga debe nje ya vilabu, mpaka sauti ikakauka.

"Rudia kazi yako, mzee," Kuramochi alimwambia.

"Nakunywa. Naaga. Natembea polepole."

"Polepole kama maiti," Seno alisema. "Hiyo huna haja ya kufundishwa."

Walicheka wawili. Nagumo hakucheka.

Mali yenyewe ilikuwa saa za mkononi. Kila Alhamisi mzee Wakisaka, mchuuzi wa saa za kale, alipanda ghorofa ya nne kwenye baa ya Hotaru na mkoba wake. Mama Orie, mwenye baa, aliufungia mkoba stoo ili mzee anywe kwa raha. Habari hizi zote alizileta Nagumo. Alitumwa kule miezi mitatu iliyopita, akae, azoeleke, atazame.

"Mlango wa stoo ni wa chuma," Nagumo alisema. "Na ufunguo uko kwenye mshipi wake."

"Seno ana mtaimbo."

"Hataguswa mtu?"

"Yeye atakuwa chini anakuinamia wewe. Wa kumgusa ni nani?" Kuramochi alitema kijiti. "Tukishatoka nakupigia simu. Basi."

Saa moja na nusu usiku. Nagumo alisukuma mlango wa Hotaru.

"Umerudi!" Mama Orie alisema.

Alisema hivyo kila wiki. Hakusema karibu, alisema umerudi, kama vile mtu ametoka dukani kununua chumvi. Nagumo alikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya stesheni, na huko jokofu pekee ndilo lililonguruma akiingia. Mara ya kwanza aliposikia neno lile, alishindwa kujibu. Siku hizi alijibu.

"Nimerudi."

Mama Orie alivaa kimono ya kijivu. Alimpa kitambaa cha moto cha kufutia mikono, kisha akainama na kumsogezea kigoda kidogo chini ya kaunta, cha kupumzishia goti. Hakuwahi kuombwa. Alimwekea bakuli la figili iliyochemka siku nzima mpaka ikawa laini kama siagi.

"Umekonda, Bwana Nagumo. Unakula nini huko kwako?"

"Tambi za kopo."

"Na maneno ya kopo pia, maana huongei."

Mzee Wakisaka alikohoa kwa kicheko upande wa pili wa kaunta. Kijana wa baa, mpole mmoja anayeitwa Mizoguchi, alikuwa akipasua barafu. Stoo ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Mama Orie, na chini ya kiti chake palikuwa na kitufe cha kengele ya polisi. Nagumo alikiripoti hicho pia.

Alikula figili polepole. Alijua ni ya mwisho. Kesho asingeweza kukanyaga hapa, wala keshokutwa, wala akizeeka. Jiji lina milango elfu ya kunywea, na huu ndio aliotumwa kuuvunja.

Saa mbili kasorobo. Simu ilitetemeka mfukoni mara moja. Ishara: Kuramochi na Seno wako kwenye ngazi za dharura.

"Mama, naondoka."

"Mapema hivi?"

"Goti."

Walishuka pamoja kwa lifti nyembamba, bega kwa bega. Barabarani mataa ya mabango yalimwagika juu ya vichwa vya watu, mekundu, bluu, mekundu tena. Moshi wa vitumbua vya pweza. Wasichana wakipiga picha. Mama Orie alisimama mlangoni, akaunganisha mikono mbele na kuinama.

"Njia salama. Alhamisi ijayo nitapika pweza."

Nagumo akaanza kutembea.

Kutoka mlango ule mpaka kona ni mwendo mfupi. Aliuvuta kama mtu anayevuta jiwe. Aligeuka mara moja, yupo, anapunga mkono. Akageuka tena, yupo. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama mgongo kwa muda mrefu namna ile isipokuwa polisi.

Akafika kona. Simu haikuita.

Akasimama. Kushoto kwake kilikuwa kibanda cha polisi, taa nyekundu juu ya mlango, askari wawili ndani wakimwelekeza mtalii njia. Nagumo akageuka, akamwangalia Mama Orie kule mbali, akainama. Naye akainama. Nagumo akainama tena. Mama Orie hakuweza kumwacha mteja ameinama peke yake, akainama tena, chini zaidi.

Mpiga debe wa klabu ya jirani akapasuka kicheko.

"Mzee, si umuoe tu yaishe!"

Simu ikaita.

"Mbona unacheza?" Sauti ya Kuramochi ilikuwa ya chinichini. "Pinda kona."

"Mmemaliza?"

"Pinda apande huku."

"Apande afanye nini? Vunja mlango na mtaimbo."

"Mtaimbo gani? Mlango wa chuma ule utauvunja kwa mtaimbo? Akili yako iko wapi? Tumeshawafunga kijana na mzee, tunamngojea yeye. Ufunguo unatembea kwa miguu yake."

Nagumo alimtazama Mama Orie kule mlangoni.

"Ulisema hataguswa."

"Akitoa ufunguo hataguswa. Akijifanya mjanja, Seno ana kisu. Pinda."

"Sipindi."

Kuramochi akacheka kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Unampenda? Mzee wewe! Haya. Seno anashuka kumchukua."

Simu ikakatika.

Nagumo alipunga mikono juu. "Kimbia!" aliita. Sauti ile ile iliyokauka, haikufika hata nusu ya njia. Kundi la watalii lilipita katikati na bendera yao ndogo ya njano. Mama Orie aliona tu mikono inayopunga, akatabasamu, akapunga na yake.

Kukimbia hakuweza, goti lisingekubali. Hatua tatu kushoto angeweza.

Aliingia kibandani.

"Hotaru, ghorofa ya nne," alisema. "Watu wawili, kisu. Mmoja anashuka na lifti sasa hivi kumchukua mama mwenye baa, yule pale mlangoni. Haraka!"

Askari mkubwa alimtazama. "Wewe umejuaje?"

"Mimi ni mwenzao wa tatu."

Mdogo alishatoka mbio. Mkubwa alimshika Nagumo mkono na kuita wenzake kwa redio. Kupitia mlango wa kioo Nagumo aliona watu wakigawanyika, akaona Seno akitoka kwenye jengo, kiganja kikiwa tayari kwenye kiwiko cha kimono ya kijivu, kisha askari akamrukia, wote wakaanguka chini. Kisu kiliteleza kwenye lami. Mama Orie alibaki wima ukutani, mikono mdomoni. Mzima.

Kuramochi alishushwa baadaye, pingu mikononi, polisi sita wakimzunguka. Walimpitisha karibu na Nagumo, naye alikuwa kwenye pingu zake.

"Umetuuza kwa sababu ya mwanamke wa kukuinamia?" Kuramochi alisema. "Anamwinamia kila mlevi, mpumbavu wewe. Ndiyo kazi yake."

"Najua," Nagumo alijibu.

Mizoguchi na mzee Wakisaka walitoka wakiwa wamefunikwa mablanketi. Askari mkubwa akamleta Mama Orie hadi pale. Nywele zake zilikuwa zimefumuka upande mmoja. Ufunguo ulikuwa bado kiunoni.

"Mama, huyu unamfahamu?"

Mama Orie alimtazama Nagumo usoni, kisha pingu, kisha goti. Nagumo alitaka kusema kitu. Maneno ya kopo yote yalikuwa yamekwisha.

"Nilidhani ni mteja," Mama Orie alisema.

Akageuka kwenda kumshika mkono mzee Wakisaka aliyekuwa akitetemeka. Wakamwingiza Nagumo garini.