Mwenye Pingamizi Asimame

— Elinuru, sema wewe. Ulimwona Yusta akipokea kondomu au hukumwona?

Mzee Tobia alimkazia macho. Ilibaki nusu saa ibada ianze, na wazee wa kanisa walishaamua: Yusta atatubu mbele ya usharika, kisha atolewe kwenye kwaya ya vijana. Mwenyekiti wa kwaya ni Elinuru, na barua ya mashtaka aliiandika yeye.

— Nilimwona, mzee. Siku ile gari la uzazi wa mpango lilipokuja sokoni.

Siku ile! Malindi nzima, huku milimani juu ya Lushoto, inaikumbuka. Elinuru alimpokonya mtangazaji kipaza sauti, akasema vijana wa usharika wao wameapa kujitunza mpaka ndoa, basi wageni wapakie maboksi yao washuke nayo Lushoto. Akapigiwa makofi, kichwa kikavimba. Wiki hiyo hiyo, kwa mchumba wake Justin, kiapo kilimshinda. Sasa ana mimba ya miezi miwili.

— Na wewe Yusta, unasemaje?

— Yule nesi ni mtu mzima, mzee. Nilimwamkia shikamoo, akanipa pakiti. Nikapokea kwa mikono miwili. Ningemkatalia vipi? Ninayo mpaka leo, sijaifungua.

Elinuru akatazama sakafu. Ile mikono miwili ndiyo aliyoiandika kwenye barua, kwamba binti alipokea kwa furaha.

Simu yake ikatetemeka. Ni Justin.

"Usiseme kitu mpenzi. Leo ni tangazo letu la tatu, Jumamosi tunafunga ndoa. Tumbo halionekani. Utavaa shela lako kama wenzako."

Shela! Kwao, bibi harusi aliyeanguka kabla ya ndoa haingii nalo kanisani. Mama yake alishashuka Lushoto mara tatu kwa ajili ya gauni na shela, akiwasimulia majirani jinsi alivyomlea mwanawe.

Ibadani Yusta alikaa benchi la mbele, peke yake, akilia kimya. Mzee Tobia akaanza na matangazo.

— Kwa mara ya tatu na ya mwisho, Justin na Elinuru wanakusudia kufunga ndoa takatifu. Mwenye pingamizi asimame.

Elinuru akasimama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Ninalo mimi.

— Wewe? Unapinga ndoa yako?

— Napinga shela, mzee. Nina mimba. Niliwafukuza wale watu sokoni, nikamshtaki mwenzangu, na aliyevunja kiapo ni mimi. Yusta mwacheni abaki kwenye kwaya.

Mama yake akajifunika uso kwa kanga. Upande wa wanaume, Justin akainuka, jasho likimtoka.

— Hakuvunja peke yake. Mimi nilimwambia anyamaze.

Wakatengwa na usharika wote wawili. Baada ya ibada Elinuru alimkimbilia Yusta nje.

— Nisamehe, mdogo wangu.

— Nimekusamehe, dada. Ila ungeniuliza kwanza.

Hapo ndipo Elinuru alipolia.

Walitubu, wakarudishwa kundini, wakafunga ndoa miezi mitatu baadaye. Bibi harusi kichwa wazi, tumbo mbele, na Yusta ndiye aliyeongoza kwaya.

— Bado unaona aibu? — Justin akamnong'oneza.

— Naona. Lakini leo naweza kumtazama Yusta usoni.